Nilidanganya kwenye dodoso

Swali la kumi na moja liliuliza: "Je, huwa unajichunguza matiti?" Chini yake kulikuwa na visanduku vinne: kila mwezi, mara chache, nikikumbuka, sijawahi. Nikaweka vema kwenye "kila mwezi", nikafunua ukurasa wa pili kama mtu mwenye haraka zake.

Mwenye dodoso alikuwa kitanda cha juu yangu. Tulilalia dabo deka, na jioni ile alikaa miguu inaning'inia usawa wa uso wangu, soksi mbili mbili kila mguu. Ilikuwa Julai 2018, na Mbeya ya Julai haichekei mtu. Yeye alisoma uuguzi, mimi ualimu wa biolojia, vyuo tofauti, ila hosteli ya mtaani ilituweka pamoja, wasichana sita chumba kimoja. Sote tulimwita Nesi, hata mama mwenye nyumba. Alikuwa anakusanya majibu kwa ajili ya utafiti wake wa kumalizia chuo: ni nini kinawafanya wanafunzi wa vyuo wajichunguze matiti au wasijichunguze. Sisi watano ndio tuliokuwa wa mwanzo kujaziwa mikononi zile karatasi, maana tulikuwa karibu na hatuna pa kukimbilia.

Mwalimu wa biolojia mtarajiwa hawezi kuandika "sijawahi". Hilo ndilo lililonifanya nidanganye. Jibu sahihi nililijua, na miaka yote ya shule nilifundishwa kwamba ukilijua jibu sahihi, unaliandika.

Na kweli nilikuwa nalijua. Mwisho wa Oktoba 2017, wiki yangu ya kwanza chuoni, tuliitwa ukumbini kwenye semina ya saratani ya matiti. Tulipewa utepe wa pinki na soda moja moja. Mama mmoja mtaalamu alisimama mbele akatuonyesha hatua zote juu ya fulana yake: mkono mmoja nyuma ya kichwa, vidole vitatu vya katikati vya mkono mwingine, zungusha, sogea, zungusha. Wavulana walijazana madirishani. Mmoja akauliza kwa sauti, "Na sisi je?" Ukumbi ukaangua kicheko. Yule mama hakucheka. Akamjibu kwamba katika wagonjwa mia moja wa saratani ya matiti mwanaume anaweza kuwa mmoja au asiwepo, lakini huyo mmoja huchelewa sana kwa sababu hadhani kama ana titi. Jibu zuri. Ila kelele zilishaanza, na nusu ya tulichokwenda kusikiliza kikazama humo.

Alisema pia tusimame mbele ya kioo, mikono juu, kisha mikono kiunoni, tuangalie kama ngozi imeingia ndani, kama imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa, kama chuchu imebadili mwelekeo au inatoa majimaji, hasa yenye damu. Niliandika yote kwenye daftari. Nikarudi hosteli. Kioo cha chumba chetu kilikuwa na ukubwa wa kiganja, kimepasuka kona, kimebandikwa kwa gundi juu ya swichi. Kilitosha jicho moja na nusu ya nyusi.

Bafu nalo lilikuwa la watu zaidi ya ishirini. Komeo lake lilikuwa msumari uliopindwa. Ukiingia na ndoo yako ya maji ya moto, uliyoyachemsha kwa hita tuliyoificha chini ya godoro (mama mwenye nyumba akiikuta anaichukua, na umeme anakudai), tayari kuna mtu nje anagonga: "Bado tu? Maji yangu yanapoa!" Kwenye baridi ile ulijimwagia, ukajipaka sabuni, ukajimwagia, ukatoka unatetemeka. Aliyeandika "jichunguze wakati wa kuoga, bila haraka" nina hakika hakuwahi kuoga Mbeya mwezi wa saba.

Lakini nisisingizie kioo na bafu. Mimi nilikuwa na sababu nyingine ambayo dodoso halikuwa na kisanduku chake.

*

Krismasi ya 2017 nilikwenda Tukuyu kwa mama mdogo. Ukifika kwake unapita migomba, unapita chai, ndipo unaiona nyumba. Alinipokea kama siku zote, akanipikia ndizi na nyama, akaniuliza habari za chuo. Nilichoshangaa ni kwamba alikuwa amejifunga vitenge viwili kifuani na bado anasema anahisi baridi, na kwamba nyumba nzima ilinukia karafuu maiti. Usiku nilipomsaidia kuvua blauzi ndipo nikaelewa ile karafuu maiti ilikuwa inaficha harufu gani.

Kilikuwa kidonda. Sitakieleza zaidi ya hapo.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mavuno ya mwaka juzi. Kalikuwa kadogo, kama punje ya hindi. Nilikakuta mwenyewe, naoga."

"Na hukumwambia mtu?"

Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Ningemwambia nani, mwanangu?"

Kisha akanihesabia, taratibu, kama anayehesabu madeni. Mumewe angesikia habari ya kukatwa ziwa angeanza kutafuta mke mwingine. Dada zake wangelia kwanza, halafu wangetangaza kanisani waombewe, na hapo kijiji kizima kinajua. Jirani alikwisha kumwambia kwamba uvimbe ukiguswa na kisu ndipo unasambaa mwilini, na kwamba fulani alikwenda hospitali akitembea akarudi kwenye jeneza. Basi akapewa majani ya kubandika, akabandika. Mwaka ukaisha. Mwingine ukaanza.

Januari wajomba walichanga, akapelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, safari ya basi ya zaidi ya kilomita 800 na yeye hawezi kuegemea upande wa kushoto. Kule walimpokea vizuri, walimsafisha, walimpa dawa za maumivu zinazofanya kazi. Ilikuwa imebaki hiyo tu ya kufanya. Februari tukamzika nyuma ya nyumba, migombani. Aliacha binti wa miaka kumi na miwili.

Watu hudhani jambo kama hilo ndilo linalomfanya msichana aanze kujichunguza. Kwenye dodoso la Nesi lilikuwepo hata swali: "Je, kuna ndugu yako aliyewahi kuugua saratani ya matiti?" Ni kama vile ukijibu ndiyo, basi wewe ni mwanafunzi bora. Kwangu ilikuwa kinyume kabisa. Baada ya msiba ule sikuweza kuligusa titi langu. Nilinunua dodoki sokoni Mwanjelwa, lile refu la kukausha, na kuanzia hapo niliogea dodoki tu, kifua chote, ili kiganja changu kisikutane na ngozi. Nilikuwa nasoma biolojia. Usiku nilikuwa namweleza mwenzangu mgawanyiko wa seli kwa mchoro, asubuhi naoga kwa dodoki nisije nikakutana na seli zangu mwenyewe.

Hofu hiyo nimekuja kuikuta kwa wengi. Kwa Kiswahili chetu cha hosteli ilisemwa hivi: "Ukiitafuta utaipata."

Chumba kile kilikuwa na sababu za kutosha kujaza kitabu. Mmoja wetu aliamini saratani inaletwa na kuweka hela kwenye sidiria, kwa hiyo yeye, aliyeweka hela kwenye soksi, alijiona salama. (Sidiria haileti saratani, wala noti iliyomo ndani yake. Inaweza kukuletea vipele, labda na kibaka.) Mwingine alisema ule ni ugonjwa wa akina mama watu wazima, na hapo hakukosea sana, kwa sababu hatari huongezeka kadiri umri unavyokwenda, na binti wa miaka ishirini kuugua ni nadra. Wa tatu alilelewa kwamba kujishika mwili ni dhambi, nukta. Hatukumbishia. Wa nne alikuwa anasahau tu, alisahau hata tarehe za mitihani.

*

Dodoki langu liliibwa kwenye kamba wiki mbili baada ya kujaza dodoso. Wizi wa hosteli hauchagui. UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zilikuwa zinaanza Jumatatu, nilikuwa nimechelewa, nikaoga kwa sabuni na mkono.

Titi la kushoto, upande wa juu kuelekea kwapani. Palikuwa na donge dogo, gumu, la mviringo, laini juu, kama njugu mawe iliyochemshwa. Nikiligusa linateleza, linakwenda pembeni, kama linanikimbia.

"Bado tu?" mtu akagonga mlango.

Nilikaa nalo siku tisa. Ninazijua zilikuwa tisa kwa sababu nilikuwa nazihesabu kwa karatasi za mitihani. Kila siku nililigusa mara ishirini, thelathini, mpaka ngozi ikauma, nikaanza kuhofia na yale maumivu. Nilijipangia: nikimaliza mtihani wa mwisho nitafikiria. Halafu nikajisikia nikisema kwa moyo, nikimaliza likizo nitafikiria. Hapo ndipo nikamsikia mama mdogo ndani ya maneno yangu. Mavuno. Halafu mwaka. Halafu mwingine.

Usiku wa tisa, taa zimezimwa:

"Nesi. Umelala?"

"Bado. Baridi."

"Nina kitu kwenye ziwa."

Kitanda cha juu kikanyamaza. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kazini: "Linakimbia au limetulia?"

"Linakimbia."

"Linauma?"

"Nimelishika mno, ndiyo maana linauma."

"Chuchu inatoa kitu? Ngozi imevutika?"

"Haitoi. Ngozi sijaangalia."

Akashuka na soksi zake, akawasha tochi ya simu, tukaingia chini ya blanketi langu kama watoto wanaosoma katuni. Aliangalia, akagusa kwa vidole vya baridi mno, akazima tochi. "Sidhani kama ni baya. Ila kudhani kwangu hakuhesabiki. Kesho tunakwenda." Halafu, baada ya kimya kirefu, akiwa ameshapanda juu: "Na mimi sijichunguzi. Nawauliza watu tu."

Sikumwambia usiku ule kwamba nilimdanganya kwenye swali la kumi na moja. Nilimwambia baadaye. Akasema alikwisha kujua, kwa sababu karibu kila mtu wa hosteli aliandika "kila mwezi", na hosteli ile haikuwa na watu wa kila mwezi.

Asubuhi tulianza na zahanati ya karibu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Mhudumu hakuligusa. Alinitazama usoni, akasema, "Binti, umri huu kansa unaitoa wapi? Hizo ni homoni," akaniandikia dawa ya maumivu. Inawezekana hata alikuwa sahihi. Lakini mtu aliyekusanya ujasiri siku tisa, ukimrudisha kwa sentensi moja bila kunyoosha mkono, huyo unamfundisha asirudi. Mimi ningerudi hosteli siku ile na dawa zangu, na ningeshukuru. Nesi aliyekuwa ananisubiri nje alikisoma kile kikaratasi, akakikunja, akakiweka mfukoni. "Twende mjini."

Tukapanda daladala hadi hospitali ya rufaa. Nilikuwa na kadi ya bima ya wanafunzi, ile tuliyolipia shilingi 50,400 mwanzo wa mwaka tukinung'unika, na kwa mara ya kwanza niliitoa kwenye pochi. Foleni ilikuwa ndefu. Daktari alikuwa mwanaume, kijana, na moyo wangu uliposhuka nadhani aliuona unashuka, maana kabla ya chochote alimwita muuguzi: "Sista, njoo ukae na dada hapa." Akafunga pazia. Akasugua viganja vyake vipate joto. Akaniomba ruhusa. Na akaanza na titi la kulia, ambalo halikuwa na shida yoyote.

Nikasema, "Dokta, ni la kushoto."

"Najua. Nataka kwanza nijue la kwako huwa likoje."

Sentensi hiyo nimeibeba mpaka leo. Semina nzima ya pinki nilikuwa nimesikia "tafuta uvimbe". Hakuna aliyeniambia nijue kwanza langu huwa likoje. Alipapasa yote mawili, kwapa zote mbili, juu ya mitulinga. Aliniambia kwamba upande wa juu wa nje, kuelekea kwapani, ndiko kwenye tezi nyingi, kwa hiyo wasichana wengi hukuta vinundunundu huko na ni maumbile tu. Wiki ya kabla ya hedhi vinajaa na kuuma, baada yake vinatulia. Ndiyo maana wanasema jiguse siku chache baada ya kumaliza hedhi.

Kwa umri wangu, alisema, mashine ya mammografia isingesaidia sana, kwa sababu titi la msichana lina tezi zilizosongamana na kwenye picha yake uvimbe hujificha. Akaniandikia altrasaundi. Ile jeli ilikuwa ya baridi kiasi kwamba nilicheka peke yangu. Wakachukua na chembe kwa sindano nyembamba. Majibu baada ya wiki.

Ilikuwa faibroadenoma. Uvimbe wa tezi na nyuzinyuzi, si saratani, na ndio unaowapata sana wasichana na wanawake vijana. Mwingi wake hukaa hivyo hivyo au husinyaa wenyewe. Daktari aliandika vipimo vyake kwa milimita, akanipa tarehe ya miezi sita mbele, akasema likikua kabla ya hapo nisingoje tarehe. Tulitoka nje, Nesi akaninunulia mahindi ya kuchoma. Nilikula mawili, nikalia, nikala la tatu.

*

Sasa ndipo nikaanza kujichunguza. Siyo baada ya semina, siyo baada ya msiba. Baada ya kujua dirisha la kadi liko wapi.

Njia yenyewe ilikuja kuwa rahisi kuliko bango. Siku ya tatu au ya nne baada ya kumaliza hedhi, siku ambayo nilikuwa naanua zile nguo zangu za ndani kwenye kamba, usiku wake nilijichunguza. Sikuhitaji kioo wala bafu. Nililala chali, blanketi mpaka shingoni, mkono wa kushoto nyuma ya kichwa. Mafuta kidogo kwenye vidole ili viteleze. Vidole vitatu vya katikati, kwa nyama zake, siyo ncha. Miduara midogo kama sarafu: mgandamizo mwepesi, wa kati, halafu mzito mpaka unahisi mbavu. Kutoka kwapani mpaka mfupa wa kati wa kifua, kutoka mtulinga mpaka chini ya mstari wa sidiria, kwa mistari ya kupanda na kushuka kama mtu anayepalilia matuta. Kisha upande wa pili. Hauishi hata wimbo wa tatu redioni.

Miezi miwili ya kwanza kila kitu kilikuwa uvimbe. Mwezi wa tatu nikaanza kulijua langu: la kulia lina ukingo mgumu chini, hivyo hivyo mwezi hata mwezi. La kushoto lina mgeni wake, yuko palepale. Huo woga wa mwanzo unakatisha tamaa wengi, nadhani. Mtu anajigusa mara moja, anakuta titi si laini kama mto, anashtuka, haligusi tena.

Kwa mfano wa matuta, chumbani tukaanza kuuita "kukagua shamba". Nesi ndiye aliyeanza. Alikuwa anauliza kutoka juu, taa zimezimwa: "Jamani, mashamba yamekaguliwa?" Mtu anajibu, "Bado, mvua haijakatika," maana yake yuko kwenye siku zake. Kicheko. Wanne kati ya sita tulikuwa tunakagua, pamoja na Nesi mwenyewe. Yule wa kusahau hakusahau tena, kwa sababu kukumbuka haikuwa kazi yake, ilikuwa ya chumba. Yule wa dhambi hakukubali mpaka tunaachana, na sikuona haki ya kumlazimisha. Alikuwa anavuta blanketi na kusema mwili wake ameukabidhi kwa Mungu. Ila alikuwa anacheka utani wa mvua.

Januari nilirudi hospitali. Milimita zilezile.

Wiki hiyohiyo Nesi alirudi kutoka maktaba amenuna. Alikuwa anaandika sura ya kupitia tafiti za wengine, akakutana na utafiti wa Shanghai, China. Wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo, nusu wakafundishwa kujichunguza kwa bidii, wakakumbushwa, wakasimamiwa, nusu nyingine hawakufundishwa. Wakafuatiliwa kwa miaka. Matokeo yalitolewa mwaka 2002: waliokufa kwa saratani ya matiti walikuwa karibu sawa kwa pande zote mbili. Waliofundishwa walikuta vivimbe visivyo saratani vingi zaidi, wakakatwa vinyama vya kupima mara nyingi zaidi.

"Yaani utafiti wangu ni kazi bure," akasema, akajitupa kitandani mpaka chaga zikalia juu yangu.

Sikuwa na jibu. Nilikaa na jambo lile siku kadhaa, kwa sababu lilinigusa mimi hasa: nami nilikuwa mmoja wa waliokuta kisicho saratani, nikachomwa sindano. Sasa hivi wataalamu wengi hawasisitizi tena ile ratiba ya hatua kwa hatua. Wanasema ujue titi lako likoje, na likibadilika uende mapema. Ni lile lile la daktari wa viganja vya joto. Ukiwa na utulivu wa ratiba, sawa, ifuate. Ukigundua wakati unajipaka mafuta, sawa pia.

Lakini kilichonikaa zaidi ni mama mdogo. Yeye hakuwahi kuhudhuria semina. Hakujua vidole vitatu wala ganda la chungwa. Na alilikuta! Alilikuta likiwa punje ya hindi, kwa mkono wake, akioga. Kama tungempa dodoso lile, kwenye kugundua angepata mia kwa mia. Alichokosa ni mtu wa kumwambia na mlango wa kugonga, na zile punje za maarifa alizokuwa nazo kuhusu hospitali zote zilikuwa za jirani.

Nilimwambia Nesi, "Dodoso lako lina maswali thelathini. Hakuna hata moja linalouliza: ukikuta, utamwambia nani?"

Akanyamaza. Kisha akasema karatasi zimeshakusanywa, hawezi kuongeza swali. Aliliandika mwishoni, kwenye mapendekezo, mstari mmoja. Msimamizi wake alilizungushia kalamu nyekundu akaandika pembeni, "fafanua". Hakuwa na muda wa kufafanua.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mpango wake wa saratani ya matiti, nilikuwa tayari nafundisha Njombe, na baadaye nilisoma malengo yake usiku mmoja wa zamu bwenini. Lengo mojawapo ni kwamba tangu mwanamke anapofika kituo cha afya na dalili hadi anapopewa jibu zisizidi siku 60. Nilihesabu za kwangu: siku tisa za kunyamaza, nusu siku iliyopotea zahanati, wiki moja ya kungoja majibu. Za mama mdogo, kwa zaidi ya miaka miwili saa yao haikuanza hata kuhesabu.

*

Binti wa mama mdogo amemaliza kidato cha sita, na mwaka jana alianza chuo Mbeya. Tulimsindikiza mimi na mjomba, na godoro juu ya bajaji. Kabla sijaondoka nilimchukua kwa matembezi ambayo yeye alidhani ni ya kumwonyesha mji. Tulipanda daladala Kabwe. Nikamshusha hospitalini. Nikamwonyesha pa kuandikishia, pa kulipia, pa kungojea, choo kiko wapi, na bibi anayeuza chai ya maziwa nje ya geti. Sikumwambia habari ya vidole vitatu, hiyo ataipata Oktoba pamoja na soda. Alinifuata kimya. Kwenye benchi la kungojea akakaa kidogo, akagusa ubao kwa kiganja, akasema, "Mama alifika hapa?"

"Hapana. Hakufika hapa."

Akatikisa kichwa. Tukaenda kunywa chai.

Wiki tatu baadaye, usiku, simu ikatoa mlio. Ujumbe wake: "Shikamoo dada. Eti lile dirisha la kwanza ukiingia, ni la kadi za bima au la kulipa taslimu?"

Moyo ulinipiga. Nikaandika: "Marahaba. Kuna nini?"

"Hakuna kitu dada. Rumuti wangu ndo anauliza."

Nikatazama saa. Saa nne na robo. Nikaandika, "La kwanza la kadi. La pili taslimu. Mwende saa moja asubuhi, foleni inakuwa fupi. Mwende wawili."